Shifra, Pua, na Mama wa Kigego

Katika Kitabu cha Kutoka imo habari ambayo wengi wetu huipita upesi, kwa kuwa twafanya haraka kumfikia Musa na kile kijiti kilichowaka moto. Ni habari ya wakunga wawili wa Waebrania, Shifra na Pua. Watoto shuleni hulicheka jina la huyu wa pili, nao wakiisha kucheka hulisahau. Lakini tuangalie jambo moja. Mfalme wa Misri, mwenye majeshi na magari na miji ya kuwekea akiba, hakutajwa jina lake katika habari hiyo. Aitwa Farao tu, na neno hilo ni cheo. Bali wanawake hawa wawili, ambao kazi yao ilikuwa kupokea watoto wa watumwa, wametajwa kwa majina yao. Farao aliwaamuru wamwue kila mtoto mwanamume saa ile ile ya kuzaliwa. Wao wakamcha Mungu kuliko mfalme, wakawaacha watoto waishi. Basi kabla ya Musa kusimama mbele ya Farao na kumkatalia, wanawake walikuwa wamekwisha kumkatalia.

Tumeona vema kuiweka habari hii karibu na habari za nchi yetu wenyewe, yaani Usambara na Bonde, Uzigua na Nguu, hata pwani ya Tanga na Pangani. Maana mtu akidhani ya kuwa amri ya kuua watoto wachanga ilikuwa ya Misri tu, bado hajawauliza wazee wake. Kwetu hakuwako Farao wa kuitoa amri ile. Amri ilikuwa ni desturi. Na desturi haina kiti cha enzi, wala haifi kama mfalme afavyo.

Vijana wengi wa siku hizi hawalijui neno kigego, au wakilijua, hulijua kama neno la kutukana tu. Wazee walilijua kwa hofu. Kigego ni mtoto aliyeota meno ya juu kabla ya meno ya chini. Mahali pengine alihesabiwa pamoja naye mtoto aliyezaliwa kwa kutanguliza miguu, na mahali pengine mapacha pia. Mtoto wa namna hii alidhaniwa kuwa amekuja na mauti: akiachwa akue, jamaa zake watakufa mmoja baada ya mmoja. Basi hakutazamwa kama mtoto, alitazamwa kama adui aliyeingia nyumbani kwa siri. Na kumwondoa hakukuhesabiwa kuwa ni kuua, bali ni kuwaponya waliosalia. Tukitaka kuwahukumu wazee wetu, na tukumbuke neno hili: hawakuwa watu wasiopenda watoto. Waliogopa. Na mtu mwenye hofu aweza kutenda tendo ambalo hata mwenye chuki hathubutu kulitenda.

Wala hofu hii haikuwa ya milimani tu. Mwingereza Richard Burton, aliyepita katika nchi ya Wazaramo mwaka 1857 akienda kuyatafuta maziwa makubwa ya bara, aliandika ya kuwa huko mtoto aliyeota meno ya juu kwanza aliuawa, au alitolewa kupewa watu wengine, au aliuzwa kwa wafanya biashara ya watumwa. Akaongeza ya kuwa watu wa pwani na Waarabu wa Unguja nao walimwogopa mtoto huyo, kila watu kwa namna yao. Neno hilo la kuuzwa tuliweke moyoni, maana tutalirudia.

Sasa tusikie habari ya kigego mmoja aliyeachwa hai. Jina lake Mbega, mzaliwa wa Nguu. Habari zake zimo katika kitabu kiitwacho Habari za Wakilindi, alichokiandika Abdallah bin Hemedi 'lAjjemy, nacho kikapigwa chapa na misheni huko Magila katika sehemu tatu, kuanzia mwaka 1895. Mwandishi alikuwa Mwislamu, aliyeyajua mambo ya Wakilindi kwa kukaa nao. Mtambo wa chapa ulikuwa wa Wakristo. Na mwanzo wa habari yenyewe ni wa watu walioishi kabla dini hizi mbili hazijafika milimani kwetu. Si jambo dogo kwamba habari ya mtoto aliyehukumiwa kufa ilitunzwa na mikono mingi namna hiyo.

Yasimuliwa ya kuwa Mbega aliota meno ya juu kwanza, na kwa desturi ya kwao haikumpasa kuishi. Lakini wazazi wake hawakumtoa auawe, naye akakua. Hata walipokufa wazazi, ndugu zake wakamnyima urithi, wakasema kigego hana fungu katika mali ya ukoo. Akaondoka kwao, akawa mwindaji wa nguruwe mwitu, yeye na mbwa wake, akaenda Kilindi, na kutoka huko akapanda milima ya Usambara. Watu wa milimani wakampenda, kwa kuwa aliwagawia nyama na kuwaamua katika magomvi yao. Akaua simba, na huko Vuga wakamfanya mfalme wao. Wenye kuchunguza historia wakadiria ya kuwa hayo yalikuwa katika karne ya 18. Ukoo wake, ndio Wakilindi, ulitawala Usambara hata Wadachi walipokuja mwishoni mwa karne ya 19, na machifu wake wakaendelea mpaka uchifu ulipoondolewa baada ya uhuru.

Wanaume wakisimulia habari ya Mbega, hukaa sana katika habari ya simba. Nasi hatumnyimi mtu sifa ya kuua simba. Walakini mtoto wa miezi sita hawezi kuua simba, wala hawezi kujitetea mbele ya wazee wa ukoo. Kabla ya siku ile ya Vuga kulikuwa na siku nyingine huko Nguu, ndani ya nyumba, mama alipotia kidole katika kinywa cha mwanawe akaona jino limetokeza upande usiotakiwa. Mwanamke wa kwetu alijua maana yake. Alijua jirani watasema nini, na mama wa mumewe atasema nini, na ya kuwa kila mtu atakayekufa katika ukoo ule tangu siku hiyo, yeye atatazamwa. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Ufalme wote wa Wakilindi ulikuwa umelala katika mikono ya watu wawili waliokataa.

Lakini hapa yatupasa kuwa waangalifu, ndugu zetu, tusije tukafundisha somo baya kwa kutumia habari njema. Si kwamba mtoto astahili kuachwa hai kwa sababu huenda akawa mfalme. Shifra na Pua hawakujua ni yupi atakayekuwa na sifa katika Israeli. Waliwaacha hai wote. Na wengi wa watoto hao walikua wakawa wafyatua matofali, wakafa utumwani, wala hakuna ajuaye majina yao. Wakunga hawa hawakumwokoa mtu mkuu, waliokoa watoto. Na huko Nguu na Bonde, kwa kila Mbega mmoja aliyeokolewa walikuwako vigego wengi ambao hawakuua simba wala kuketi Vuga, na uhai wao ulikuwa na thamani ile ile.

Twaweza kuuliza, Mbona Farao aliwaendea wakunga, asiwapelekee askari kwanza? Ni kwa sababu mkunga ndiye amwonaye mtoto kabla ya watu wote. Siri ya kuzaliwa imo mikononi mwake. Ndivyo ilivyokuwa kwetu nako: mtoto alipokuja na miguu mbele, bibi aliyekaa na mzazi ndiye aliyejua, naye ndiye aliyeweza kusema, au kunyamaza. Serikali ya Wadachi, na baadaye ya Waingereza, ziliyahesabu mambo haya kuwa ni kuua, na sheria ikatoa adhabu. Lakini askari hawezi kukaa katika kila nyumba usiku. Mtoto mchanga akifa, wangapi watauliza? Sheria iliweza kumtisha mtu nje. Hofu ilikuwa ndani, na aliyeweza kuifikia huko ni mwanamke tu.

Sasa tulirudie lile neno la kuuzwa. Sultani wa Unguja alilazimishwa kulifunga soko la watumwa mwaka 1873, lakini hata baada ya hapo merikebu za Waingereza ziliendelea kukamata majahazi yenye watumwa, na watoto waliotolewa humo baadhi yao walikabidhiwa misheni. Wavulana wakapelekwa Kiungani. Wasichana wakapelekwa Mbweni, katika shamba ambalo Askofu Tozer alikuwa amelinunua mwaka 1871. Wengi wao walitekwa vitani, wengine waliibwa njiani, wengine waliuzwa na jamaa zao kwa njaa au kwa deni. Nasi tukikumbuka aliyoyaandika Burton, twaweza kudhani ya kuwa miongoni mwa waliosukumwa katika njia ile ya minyororo walikuwamo pia watoto ambao kosa lao lilikuwa ni jino.

Watoto hao walifika Mbweni bila nasaba. Kwetu mtu akiulizwa, Wewe nani? hujibu kwa kumtaja baba yake na ukoo wake. Msichana aliyechukuliwa akiwa mdogo hakuweza kujibu. Wengine hawakujua hata jina la nchi yao, walikumbuka mto tu, au mti mkubwa karibu na nyumba. Kwa watu kama hawa habari ya Hajiri haikuwa hadithi ya mbali. Hajiri alikuwa mjakazi wa Misri, mwanamke wa Afrika. Hakuulizwa kama ataka kumzalia Ibrahimu mtoto. Na alipokwisha kuzaa akafukuzwa yeye na mwanawe. Maji yalipowaishia jangwani alimweka kijana chini ya kijiti, akaenda kukaa mbali ili asimwone akifa. Wala Mungu hakumwacha. Tena huyu mjakazi ndiye mtu wa kwanza katika Maandiko aliyempa Mungu jina, akamwita Mungu aonaye. Ibrahimu hakufanya hivyo kabla yake, wala Sara. Majirani zetu Waislamu nao humkumbuka mama huyu kila mwaka huko Maka, mahujaji waendapo mbio kati ya Safa na Marwa kama yeye alivyokwenda akitafuta maji. Hivyo katika pwani yetu nyumba za dini mbili zamheshimu mjakazi mmoja, ingawa pwani hiyo hiyo iliuza wajakazi miaka mingi.

Basi wasichana wa Mbweni wakafundishwa kusoma na kuandika, kushona, kulima, na kufundisha wengine. Tangu mwaka 1877 mwalimu wao alikuwa Bibi Caroline Thackeray, aliyekaa huko Mbweni hata akafa mwaka 1926, bila kurudi kuishi kwao Uingereza. Baadhi ya wasichana hao wakawa walimu, wakatumwa bara. Wengine wakaolewa na vijana wa Kiungani, wakaenda nao kuanzisha vijiji vya Wakristo. Mmoja wao ni Lucy Magombeani, mke wa Cecil Majaliwa. Katika vitabu twasoma ya kuwa Majaliwa alikuwa Mwafrika wa kwanza wa misheni ile kupewa upadre, mwaka 1890, na ya kuwa alifanya kazi kubwa Chitangali, upande wa kusini. Ni kweli, na sifa yake ni haki. Lakini nyumba ya padre katika nchi ngeni haikusimama kwa padre peke yake. Wanawake wa kijiji walipotaka kujua Mkristo humleaje mtoto, hawakwenda kumwuliza padre. Walimtazama mke wake.

Mtakatifu Mathayo aliijua siri hii. Aliandika vizazi vya Bwana wetu kwa desturi ya Wayahudi, baba kumzaa mwana, na huyo kumzaa mwana. Kisha ghafula akaingiza wanawake wanne kabla hajamfikia Mariamu: Tamari, na Rahabu, na Ruthu, na yule aliyekuwa mke wa Uria. Angetaka kuupamba ukoo ule angeweza kuwataja Sara na Rebeka na Raheli, wanawake wenye heshima ya nyumba. Hakufanya hivyo. Alimchagua mjane aliyedhulumiwa na baba wa mumewe, na mwanamke wa Yeriko ambaye watu walimsema vibaya, na Mmoabu aliyekuja mikono mitupu na mama mkwe wake, na mwanamke ambaye mfalme alimtwaa kwa nguvu ya ufalme. Kwa mtu asiye na nasaba, hii ni habari njema ya kwanza katika Agano Jipya, nayo imefichwa mahali ambapo wasomaji wengi huruka, wakisema ni orodha ya majina tu.

Tena Mtoto mwenyewe aliyezaliwa katika ukoo ule alihukumiwa kufa kabla hajajua kusema. Herode aliogopa, kama ukoo wa kigego ulivyoogopa, akidhani ya kuwa uhai wa mtoto ni kifo chake yeye. Yusufu, mtu wa haki, akamchukua mtoto na mama yake usiku, wakakimbilia Misri. Tuone jinsi Mungu alivyogeuza mambo: nchi ile ambayo Farao alitaka kuwatosa watoto mtoni, ndiyo iliyompokea Mtoto huyu na kumficha. Afrika ilimlea Bwana wetu alipokuwa mkimbizi. Wala tusimsahau Yusufu tunapowasifu wanawake. Mume aliyesimama upande wa mkewe na mtoto, watu wakisema wasemavyo, ni baraka kubwa. Na baba yake Mbega naye alikuwa mmoja wa wale waliokataa.

Misheni ilipoanza Magila mwaka 1868, imani mpya ilikuja na neno gumu kwa wazazi. Mtoto akiisha kubatizwa, ana jina mbele za Mungu. Naye aliye na jina mbele za Mungu hawezi kuitwa adui wa nyumba yake kwa sababu ya meno. Kwa mwalimu kulitamka neno hilo kanisani ni rahisi. Kwa mama kulishika nyumbani, mwana wa ndugu akiwa mgonjwa na wazee wakimtazama mtoto wake kwa jicho la pembeni, hilo ndilo jaribu. Imani yetu haikusimama siku ile kanisa la mawe lilipojengwa. Ilisimama siku mama wa kwanza alipomfunika mwanawe kwa nguo, akaketi mlangoni, asiondoke.

Mtume Paulo alipomwandikia Timotheo hakusema ya kuwa imani yake ilitoka kwa mhubiri mkuu. Alisema ilikaa kwanza katika bibi yake Loisi, na katika mama yake Eunike. Baba yake alikuwa Myunani. Wengi wa Bonde waweza kusema vivyo hivyo. Katika vita ya 1914, wamisionari Waingereza walikamatwa na Wadachi, na walimu na mapadre Waafrika wengi wakafungwa nao. Samwil Sehoza aliandika habari za kifungo kile katika kitabu kiitwacho Mwaka katika Minyororo, kilichotoka mwaka 1921. Hicho ni kitabu cha wanaume waliokuwa kifungoni, nacho chafaa kusomwa. Lakini wanaume wale walipokuwa katika minyororo, ni nani aliyewafundisha watoto sala usiku? Ni nani aliyewakumbusha ya kuwa leo ni Jumapili? Hakuna aliyeandika kitabu cha hayo, kwa kuwa waliofanya kazi hiyo walikuwa na jembe mkononi na mtoto mgongoni.

Hata wito wa utawa haukuwanyima wanawake wa kwetu nafasi. Askofu Frank Weston alianzisha shirika la masista mwaka 1911, nao walifanya kazi ya uuguzi na ya shule hapo Magila miaka mingi. Na mwaka 1946, huko Masasi, kikaanzishwa Chama cha Mariamu Mtakatifu, shirika la masista Waafrika. Hawa hawakuzaa kwa mwili, walakini wamewalea watoto wa wengine. Nao Walutheri wa Usambara wana nyumba ya watoto wachanga huko Irente, karibu na Lushoto, ipokeayo watoto waliofiwa na mama zao au walioachwa. Kazi ya Shifra na Pua haijakoma. Imebadili nguo tu.

Wala Farao wa desturi hajafa kabisa. Kigego hatajwi sana sasa. Lakini tangu miaka ya 2000 tumesikia habari za aibu katika nchi yetu ya Tanzania, zaidi katika mikoa ya Ziwa, watu wenye ualbino wakiuawa na kukatwa viungo kwa kudhaniwa kuwa ndani yao mna bahati. Zamani mtoto aliuawa kwa sababu alidhaniwa kuleta mauti; siku hizi ameuawa kwa sababu adhaniwa kuleta mali. Hofu na tamaa ni ndugu wa baba mmoja. Na mara nyingi aliyesimama mlangoni ni mama, mara nyingine peke yake, mume akiwa amekwisha kumwacha kwa kumzaa mtoto wa namna hiyo. Tukimwona mama kama huyu katika kijiji chetu, tusimwulize alimkosea nani. Tumwulize anahitaji nini, kisha tukae naye mlangoni.

Mwisho twawaomba wasomaji kazi moja ndogo. Katika nyumba nyingi za Kikristo mna Biblia yenye kurasa tupu mwanzoni, na watu huandika humo majina ya baba na babu. Andikeni na majina ya mama zenu, na ya bibi zenu wa kuumeni na kuukeni, na ya mkunga aliyewapokea kama ajulikana. Waulizeni wazee wangali hai, maana mkingoja hata kesho, huenda wa kumwuliza hayuko. Tena kama katika ukoo wenu yumo aliyeota meno ya juu kwanza akaachwa hai, ulizeni ni nani aliyekataa. Jina hilo lastahili kuandikwa kwa wino.